Rurema na Nyamuzinda: teolojia asilia kando ya Ziwa Tanganyika

Teolojia asilia ni sehemu ya fikra za Kikristo inayomtafuta Mungu kwa akili, kwa kuutazama ulimwengu kabla ya kufungua Maandiko. Paulo aliigusa katika Warumi 1:20, Tomaso wa Akwino akaipa njia zake tano katika karne ya 13. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ukafundisha kwamba akili ya binadamu inaweza kumjua Muumba kwa hakika kupitia viumbe vyake.

Miaka kumi baadaye Mapadri Weupe walifika Masanze, kando ya Ziwa Tanganyika kusini mwa Uvira, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Kibanga. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa amewakataza kukimbilia kubatiza. Maandalizi yalipaswa kuchukua miaka minne, na katika hatua ya kwanza mtu afundishwe yale tu ambayo akili yenyewe inayafikia: kwamba Mungu yupo, kwamba roho haifi, kwamba mema na maovu hayalingani. Mafumbo ya ufunuo yalifuata baadaye. Hoja za wanazuoni wa Ulaya zikawa masomo ya watu wa ziwani, wakiwemo waliokombolewa utumwani.

Lakini je, watu hao walikuwa hawamjui Mungu? Bafuliiru wa upande wa Uvira humwita Rurema, kutokana na kurema, yaani kuumba. Bashi wa upande wa Bukavu humwita Nyamuzinda, aliye mwisho wa yote. Jina moja linauliza vitu vimetoka wapi, la pili linauliza vinaishia wapi. Kila moja ni hoja nzima, na lilitamkwa kabla ya katekisimu yoyote kufika. Hata hivyo, nchini Rwanda Wakatoliki walisali kwa miaka mingi wakitumia neno la Kiswahili, Mungu, huku jina lao la asili, Imana, likiachwa nje ya kanisa.

Aliyezipa fikra hizo za asili kuhusu Mungu uzito wa kitaaluma ni padri Vincent Mulago, mzaliwa wa Bushi. Katika kitabu chake cha mwaka 1965, Un visage africain du christianisme, alieleza umoja wa uhai unaowaunganisha walio hai, wahenga na Mungu aliye chemchemi yao, akauona kuwa msingi wa kulielewa Kanisa. Okot p'Bitek wa Uganda aliwapinga vikali wanateolojia wa mwelekeo huo, akisema wanaivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Onyo lake ni la haki pale sifa za vitabuni zinapobandikwa juu ya jina la kienyeji, ila halifuti maana iliyomo ndani ya jina lenyewe.

Wapentekoste wa Sweden, waliofika Uvira mwaka 1921, walianza na Biblia, si na hoja za akili. Lakini Agano Jipya lilipotafsiriwa kwa Kifuliiru, Mungu aliitwa Rurema.