Rupia Tatu za Bibi

Jirani yangu ni bibi wa miaka sabini na kitu, mtu wa Rumonge. Amejiandikisha kurudi Burundi, na kama wengi waliojiandikisha alikuwa anauza vile asivyoweza kubeba. Jioni moja kabla ya mnunuzi kupita kijijini kwetu aliniita. "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Njoo unitazamie hizi." Akafungua kitambaa. Ndani rupia tatu za Mjerumani.

Mbili zilikuwa nyeusi. Moja iling'aa kama sufuria mpya, na hapo moyo ukanishtuka. Alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga, ili mnunuzi aipende.

Kwanza nieleze rupia ni nini, kwa sababu vijana wa klabu yetu wanadhani ni hela ya Wahindi tu. Pwani rupia ya Uhindi ilikuwa imeshazoeleka, basi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa yake mwaka 1890 ilifuata uzito ule ule: gramu 11.66, na katika sehemu 1000 sehemu 917 ni fedha halisi. Upande mmoja kaiza Wilhelm wa Pili na kofia ya chuma, upande wa pili simba na mti. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikachukua kazi hiyo mkononi mwake. Simba akaondoka, na rupia iliyokuwa pesa 64 ikawa heller 100. Hiyo heller ndiyo "hela" tunayoiomba kila siku, na ndiyo "amahera" ya Kirundi. Kwa hiyo hata asiyewahi kuiona rupia anaitaja bila kujua.

Koloni hilo lilikuwa Tanganyika, Rwanda na Burundi pamoja. Askari walilipwa kwa rupia, na tangu 1898 kibanda cha kijijini kilitozwa kodi ya rupia 3 kwa mwaka, ingawa kwetu Burundi kodi ilichelewa kufika. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia, baadaye faranga ikashika nafasi. Aliyebaki na rupia ndani alibaki na kipande cha fedha. Wapo waliozipeleka kwa sonara, wapo waliozitoboa wakavaa.

Sasa turudi kwa bibi. Sarafu ya zamani haipimwi kwa kung'aa. Inapimwa kwa kilichobaki cha mchoro. Ukiishika, tafuta zile sehemu zilizoinuka zaidi, maana ndizo zinazogusa vidole, mifuko na sarafu nyingine kwanza. Kwenye rupia hii ni tai aliye juu ya kofia ya kaiza, nyusi, sharubu. Nilitumia kamera ya simu, nikavuta picha ikawa kubwa. Rupia nyeusi ya kwanza, ya mwaka 1910 yenye herufi ndogo J (yaani ilipigwa Hamburg, A ni Berlin), mabawa ya tai bado yalionyesha manyoya, kwa ncha tu yamelala. Sharubu zinahesabika. Meno ya ukingoni ni makali. Hiyo imetembea kidogo tu, kisha ikakaa. Rupia ya pili tai amekuwa kama kokoto, uso wa kaiza umelainika kama sabuni iliyotumika, mwaka unausoma kwa kuinamisha kwenye mwanga. Tena ina tundu.

Ukisikia mnunuzi anasema "hii ni nzuri" usifurahi haraka. Kwenye ngazi za Wajerumani "nzuri" ni sarafu iliyosagika sana, "nzuri sana" ni ya katikati, na juu yake bado kuna nyingine. Wamarekani wao wanahesabu kuanzia 1 hadi 70. Bora uulize amelinganisha na ngazi ipi.

Na ule weusi? Fedha ikikaa miaka mingi kwenye hewa na moshi inavaa ngozi inayozidi kuwa nyeusi. Si uchafu na wala si kutu inayokula kama ya chuma. Wanaokusanya sarafu wanaipenda, kwa sababu inaonyesha hakuna aliyeigusa. Ukiisugua unaondoa ngozi pamoja na chembe za fedha, na unaacha mikwaruzo myembamba, yote imeelekea upande mmoja mkono ulikokuwa unaenda. Niliiona kwenye ile inayong'aa. Mchungu ni kwamba chini ya mikwaruzo ile mabawa ya tai yalikuwa makali kuliko zote. Ndiyo iliyokuwa bora kabla ya majivu.

Nilimwambia. Sikuwa na namna ya kulipamba. Akanyamaza, akaigeuzageuza kiganjani. "Nilitaka iwe safi," akasema. Nani angemlaumu? Kila kitu kingine hapa tunaambiwa tukisafishe.

Tukaazima mzani mdogo sokoni. Nyeusi ya kwanza gramu 11.5, iliyosuguliwa 11.5, ya tundu 11.1. Sumaku ya spika mbovu haikuzivuta, na ukingoni hapakuwa na mstari wa kuungia ambao sarafu za bandia za kumimina huwa nao. Kwa hiyo hatukuona dalili ya bandia. Ya tundu, kwa mkusanyaji, bei yake imeshuka karibu na bei ya fedha ya kuyeyusha, na hapo mnunuzi hangekosea. Lakini nilitazama tundu lenyewe. Kingo zake hazikuwa kali tena. Uzi ulikuwa umelilainisha upande mmoja, juu kabisa, kwa miaka. Bibi akasema ilikuwa shingoni mwa mama yake.

Mnunuzi alipokuja kesho yake alizipa zote tatu bei moja, kwa kuzishika tu mkononi, akasema nyeusi ni mbovu. Bibi akamwambia, "Baba, zipime kwanza." Akaiuza iliyosuguliwa kwa uzito. Ile ya 1910 ameishona kwenye pindo la kitenge cha safari, bila kuifuta. Ya tundu kaniomba nimtafutie uzi mwekundu.