MAJI, MBOLEA NA GESI YA MPUNGA: FUNZO LA HISTORIA

Yanapozungumzwa mambo ya kuongezeka kwa joto la dunia, wengi wetu hufikiria moshi wa viwanda na magari. Lakini tangu miaka ya 1980 mkulima wa mpunga naye amewekwa kizimbani. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi tuhuma hiyo ilivyozaliwa, jinsi ilivyojibiwa, na kwa nini jibu lake linawahusu makada wanaofanya kazi vijijini. Tunaanza na jaruba lenyewe, maana siasa isiyojua hali halisi huishia kuwa maneno matupu.

Jaruba likijaa maji kwa majuma mengi, udongo hukosa oksijeni. Vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni huozesha mabua, mizizi na samadi, na kutoa gesi ya metheni. Sehemu kubwa ya gesi hiyo hupanda hewani kwa kupitia ndani ya shina la mpunga. Kwa hesabu za mwaka 2021 za jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi (IPCC), tani moja ya metheni hii hupasha dunia joto kama mara 27 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi, kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo si mpunga peke yake unaoamua kiasi cha gesi. Huamua pia muda maji yanaokaa shambani na kile kinachotiwa ndani ya udongo.

Tuhuma na mizani

Mwaka 1963 mtaalamu wa Japani, T. Koyama, alitumia udongo uliopimwa katika maabara kukadiria kwamba majaruba ya dunia hutoa tani milioni 190 za metheni kwa mwaka. Katika miaka ya 1980 vilichapishwa vipimo vya shambani kutoka California, Hispania na Italia. Tuangalie majina ya mahali hapo. Sehemu kubwa mno ya mpunga wa dunia hulimwa Asia, lakini mizani ilikuwa Ulaya na Marekani.

Mwaka 1990 taasisi ya World Resources Institute ya Washington ilitoa orodha ya nchi zinazoongoza kwa gesi hizi. China, India na Brazil ziliwekwa katika tano za kwanza, bega kwa bega na Marekani na Muungano wa Sovieti, na metheni ya mpunga ilikuwa sehemu ya hesabu. Mwaka uliofuata Anil Agarwal na Sunita Narain wa Delhi walijibu kwamba huo ni ukoloni wa mazingira. Walisema gesi ya mkulima anayetafuta chakula haiwezi kulinganishwa na gesi ya tajiri anayetafuta anasa, na kwamba uwezo wa dunia wa kufyonza gesi ni mali ya watu wote kwa usawa.

Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, wanasayansi wa India hawakuishia kwenye hoja. Mwaka huo huo wa 1991, wakiongozwa na A. P. Mitra wa maabara ya taifa ya fizikia, walikwenda kupima majaruba ya sehemu mbalimbali za nchi yao. Idara ya mazingira ya serikali ya Marekani ilikuwa imekadiria kwamba mpunga wa India hutoa zaidi ya tani milioni 37 kwa mwaka. Vipimo vya shambani vilionyesha kama tani milioni 4. Makadirio ya kwanza yaliegemea vipimo vya mashamba ya ng'ambo. Majaruba mengi ya India hutegemea mvua, hukauka mara kwa mara, na udongo wake una vitu vichache vya kuozeshwa.

Funzo la China

Nchini China, kuanzia miaka ya 1980, desturi ya kutoa maji katikati ya msimu ilienea hatua kwa hatua na kuchukua nafasi ya kujaza maji wakati wote. Wakulima hawakuwa wakifikiria metheni. Walitaka kuzuia machipukizi yasiyozaa, kuimarisha mizizi na kuongeza mavuno. Mwaka 2002 Li Changsheng na wenzake walikokotoa kwamba mabadiliko hayo, kufikia mwaka 2000, yalipunguza metheni ya China kwa karibu tani milioni 5 kwa mwaka.

Hapa lakini unajitokeza mgongano ambao kada hana budi kuuelewa. Jaruba likikauka, metheni hupungua, lakini mbolea ya chumvichumvi yenye nitrojeni, kama vile yurea, hubadilika udongoni na kutoa gesi nyingine, nitrasi oksidi, ambayo nguvu yake ni kama mara 273 ya kaboni dioksidi. Hesabu za baadaye za Li na wenzake zilionyesha kwamba gesi hiyo ilikula sehemu kubwa ya faida iliyopatikana. Samadi mbichi nayo, ikitiwa katika jaruba lililojaa maji, huwa chakula cha vijidudu na kuongeza metheni. Mboji iliyokwisha kuiva huongeza kidogo zaidi. Salfeti ya amonia huelekea kupunguza metheni. Hakuna mbolea iliyo nzuri au mbaya daima. Wakati, kipimo na maji ndivyo vinavyoamua.

Kwa hiyo maji na mbolea ni jambo moja, wala haifai kuyatenga. Mbolea ya kukuzia igawanywe kwa awamu, isizidi mahitaji ya mmea. Maji yatolewe kabla mpunga haujaanza kutunga mimba, na yasikosekane unapochanua. Kwa viwango vya IPCC vya mwaka 2019, kukausha mara moja hupunguza metheni kwa kama asilimia 29, na kukausha mara kadhaa kwa kama asilimia 45.

Wajibu wetu

Nchini kwetu, shamba la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na kilimo shadidi cha mpunga, kinachotumia mbinu hii ya kulowesha na kukausha, kimejaribiwa Mkindo, Morogoro. Ujuzi tunao. Kikwazo kiko kwenye mfereji. Mkulima wa mwisho wa mfereji hawezi kukubali kutoa maji ikiwa hana hakika kwamba yatarudi kwa zamu yake. Ukimwambia akaushe jaruba, naye amewaona wa juu wakifungua lango usiku, atakuona kama mtu anayemtakia njaa. Na hatakuwa amekosea.

Ndiyo maana kada anayekwenda kuhubiri juu ya metheni kabla ya kusimamia zamu ya maji ameanza mwisho. Kwanza haki kwenye lango la mfereji, ndipo mafunzo ya mbolea, ndipo vipimo vya gesi katika majaruba yetu wenyewe. India ilishinda hoja yake kwa sababu ilikuwa na haki, na pia kwa sababu iliingia matopeni na kupima.