Gongo la Mabibo na Wiski ya Kentucky

Wiski ya bourbon ya bei ndogo hunukia vanila, kisha huchoma koo. Ile harufu tamu chanzo chake ni pipa jipya la mwaloni lililounguzwa kwa ndani, kwa sababu sheria ya Marekani inalazimisha pipa la namna hiyo, inataka nafaka zake ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na inakataza kutia pipani pombe inayozidi kilevi cha asilimia 62.5. Masharti hayo humlinda mwenye chupa ya bei ndogo sawasawa na mwenye chupa ya gharama. Aghalabu alichopungukiwa wa kwanza ni miaka tu ya kukaa pipani. Huku Rufiji, mabibo yanayoanguka chini ya mikorosho ya Kibiti nayo hukamuliwa, huchachuliwa, na mvuke wake hupitishwa kwenye mrija unaopozwa kwa maji. Kazi ni ileile, ila kinachodondoka huitwa gongo na mpishi wake hujificha. Kuonja pombe kali bila hofu ni haki ya anayekunywa kilichopimwa, na haki hiyo mnywaji wa kipato kidogo wa pwani yetu alinyimwa tangu enzi za ukoloni.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulichora ukanda kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ukazuia pombe kali zisiingie mahali ambapo wenyeji hawakuwa wamezizoea. Utete ya huku Rufiji, iliyoko kwenye nyuzi kama 8 kusini, ilikuwa ndani kabisa ya ukanda huo. Mkataba huohuo uliacha mlango wazi: kiasi maalumu kiliruhusiwa kwa ajili ya wasio wenyeji. Ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaendeleza katazo hilo na kupiga marufuku hata utengenezaji. Mgema wa delta aliachiwa tembo lake la mnazi, lakini wiski na brandi zikabaki za wasio wenyeji. Tazama basi kilichopimwa hapo: rangi ya mnywaji, wala si kilichomo ndani ya chupa. Uhuru ulipokuja, sheria ya mwaka 1966 iliyobeba jina la mtaani la gongo, Moshi, iliweka upikaji chini ya leseni, na asiye na leseni akawa mhalifu. Konyagi ya kiwandani, yenye kilevi cha asilimia 35, ikapata lebo na kuuzwa mchana kweupe. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikapiga marufuku viroba vya pombe kali, ikitaja vijana na taka za plastiki. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli, ingawa chupa ya mwenye nacho haikuguswa.

Wapo watakaosema Rufiji ni nchi ya Waislamu, pombe ni haramu, na maneno yaishe. Nawaheshimu, na wao angalau hawabagui: kwao gongo na bourbon hukumu yake ni moja. Sheria ya dola ndiyo iliyobagua. Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya, iliyohalalisha chang'aa, gongo la huko, mwaka 2010, na bado Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe yenye methanoli. Kwangu mimi, tukio hilo linaonyesha kwamba kuhalalisha kwa maandishi tu hakutoshi. Ulimi hauitambui methanoli. Mwonjaji hodari wa Kentucky naye angeimeza bila kujua. Hutambuliwa kwa kipimo, na mpishi anayekimbia polisi hawezi kupeleka chupa yake ikapimwe. Ulevi unavunja nyumba, hilo halina ubishi, lakini sumu huua hata aliyekunywa kidogo.

Kwa hiyo wanaotunga sheria waanze na kipimo: maabara iwe karibu na mikorosho, na anayepeleka sampuli yake asikamatwe mlangoni.