Shela Nyeupe: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Zikiwa zimebaki siku nane nifunge nadhiri za kwanza, Mama Mlezi alinikuta bustanini, akaniambia ninawe mikono nimfuate ofisini.

ENDELEA

Jembe nililiacha palepale kwenye tuta la kabichi. Njia nzima Mama Mlezi hakusema neno, nami nikawa nahesabu makosa yangu. Juzi nilicheka wakati wa kimya kikuu. Jumapili nilichelewa Masifu ya Asubuhi. Kengele ililia nami bado nahangaika na shela gizani, maana baridi ya Juni huku Ruvuma hufanya vidole vikatae kushika pini. Nikasema moyoni, kama ni hayo nitapiga magoti niombe msamaha, yaishe.

Ofisini alifunga mlango. Hakuwahi kuufunga tangu nimjue.

"Binti yangu, cheti cha ubatizo ulichokuja nacho, nani alikupa?"

"Mama mzazi. Ndicho nilichopatia Kipaimara."

"Kabla ya nadhiri tuliomba kipya parokiani kwenu. Kimefika leo."

Somo hilo alitufundisha mwenyewe. Daftari la ubatizo halifungwi siku mtoto anapomwagiwa maji: akipata Kipaimara, akifunga ndoa, akiweka nadhiri za daima, huandikwa pembeni ya jina lake, hata kama hayo yametokea mbali. Nililipenda sana somo lile. Usiku nililala nikiwaza siku nami nitakapoandikiwa pale kuwa ni wa Mungu daima.

Akanisogezea karatasi. Jina langu. Majina ya wazazi wangu. Siku niliyozaliwa. Na pembeni, kwa wino wa buluu: amefunga ndoa, Dar es Salaam, Oktoba 2021.

"Si mimi, Mama!"

"Oktoba hiyo ulikuwa wapi?"

Koo likanikauka. Nilikuwa Dar es Salaam, kwa mama mdogo, nikimlelea mtoto. Miezi mitatu baadaye ndipo nikaja utawani.

"Mke wa mtu hawezi kupokelewa unovisi," alisema taratibu, kama anayeumia yeye. "Akipokelewa, unovisi wake si halali. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Miaka miwili ya kuamka kabla ya jogoo, ya kufua, kulima, kulia kikanisani peke yangu hadi moyo ukatulia, yote ingehesabiwa kuwa haikuwapo.

Akatoa karatasi ya pili, nakala ya daftari la ndoa. Sahihi ya bibi harusi sikuijua. Ya shahidi niliijua kabla sijaisoma: herufi zimelalia kushoto, mwandiko uleule wa barua iliyonifikia juzi ikisema mbuzi wa sherehe ameshanunuliwa.

Ni mwandiko wa mama.

Mama Mlezi alikwisha kubonyeza simu, akaiweka mezani kati yetu. Ikaita mara mbili. Sauti ya mama ikaja ikihema, na badala ya Tumsifu Yesu Kristo, akauliza:

"Sista, dada yake amekwisha kufika huko?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO