Dimenshia: Siku ya mzee ipangwe kwa kufuata maisha aliyoishi

KATIKA makao ya wazee, ni rahisi kwa siku nzima ya mkazi mwenye dimenshia kuishia kitini. Ameoshwa, amelishwa, amepewa dawa zake, kisha anaketishwa mbele ya runinga asiyoielewa hadi chakula cha mchana kiwadie. Hakuna aliyemtesa. Hata hivyo, mtu anayekaa saa nyingi bila la kufanya hulitafuta: atainuka na kuzungukazunguka akiusaka mlango, atavuta vitambaa vya meza, atamwita mama yake aliyefariki zamani, au atamsukuma mhudumu anayemrejesha kitini.

Hapo ndipo dawa za kutuliza huingia, na hatari huingia nazo. Mnamo 2005, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kwamba baadhi ya dawa za maradhi ya akili, zinapotumiwa kuwatuliza wazee wenye dimenshia, huongeza uwezekano wa kifo. Ndiyo maana miongozo ya tiba hushauri njia zisizo za dawa zitangulie, ila mgonjwa anapokuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Ratiba ya shughuli, basi, si pambo la kuwaonyesha wafadhili wanapozuru. Ni sehemu ya matibabu.

Dimenshia si ugonjwa mmoja bali ni hali inayotokana na maradhi kadhaa ya ubongo, makuu yakiwa ugonjwa wa Alzheimer na madhara ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa wakiishi nayo mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Wengi wao hutunzwa nyumbani. Makao ya wazee ni machache, mengi yakiwa ya makanisa, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor, na makao ya PCEA huko Thogoto, Kikuyu. Yanayofaa katika makao kama hayo yanafaa pia katika boma la familia kule Bahati au Rongai.

Mikono hukumbuka

Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayonasa mambo mapya. Mzee husahau alichokula asubuhi, ilhali anakumbuka jina la mwalimu wake wa darasa la pili. Kumbukumbu zinazodumu zaidi huwa ni za kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Ujuzi wa mikono nao hukaa muda mrefu, hata baada ya maneno kuanza kupotea.

Mzee aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na umri wa miaka 12 Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na 23 bendera ya Kenya ilipopandishwa Desemba 1963. Iwapo alikulia Nakuru au viungani mwake, yamkini riziki yake ilitokana na reli, iliyofika hapo mwaka 1900, au na mashamba ya walowezi: ngano ya Njoro, pareto ya Molo na Elburgon, ng'ombe wa maziwa wa Naivasha, ambako kampuni ya KCC ilianzia mwaka 1925. Huo ndio mtaala wa shughuli zake. Kumkabidhi penseli za rangi apake picha ya sungura ni kumshusha hadhi, na mara nyingi yeye mwenyewe hulitambua hilo kabla ya mhudumu.

Mwanamke aliyelea watoto wanane hahitaji kufundishwa kupukuchua mahindi, kuchambua managu, kukunja nguo au kusuka kiondo. Akipewa karai la maharagwe ayachague, atafanya kazi hiyo nusu saa bila kuhimizwa, na maharagwe hayo yapikwe kweli; kazi ya kuigiza hugundulika. Aliyechuma pareto apewe maua ya kutenga kapuni, ila yawe ya aina nyingine, kwani pareto mbichi huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Aliyefanya kazi katika karakana ya reli apewe nati na boliti za kulinganisha. Wanaume, kwa bahati mbaya, husahaulika sana katika mipango hii, labda kwa kuwa wahudumu wengi ni wanawake na kazi za jikoni ndizo zilizo karibu. Drafti ya vizibo vya soda, bao au ajua, kunoa jembe butu na kukagua mifugo iliyo jirani huwafaa.

Muziki una nguvu za kipekee. Aliyeacha kuzungumza huweza kuimba wimbo mzima. Redio ya kawaida haitoshi, kwani huchanganya matangazo na kelele. Afadhali kanda au simu iliyojazwa nyimbo za ujana wa mkazi husika, awe alipenda Joseph Kamaru, Kipchamba arap Tapotuk, D.O. Misiani au Fadhili William, pamoja na nyimbo za ibada za dhehebu lake.

Mfano wa Hai

Nchini Uingereza, watafiti Aimee Spector, Martin Orrell na Bob Woods walibuni mpango wa vikao 14 vya kuchangamsha akili, viwili kwa wiki, kila kimoja kikichukua dakika 45. Utafiti wao wa 2003, uliowashirikisha watu 201, wengi wao wakiwa katika makao ya wazee, ulionyesha kwamba fikra na ubora wa maisha viliimarika. Kikundi hujadili mada moja kila kikao, kama vile chakula, utoto, sauti au fedha, na kanuni kuu ni kuomba maoni badala ya kutahini kumbukumbu. Swali “Wewe chai unaipenda namna gani?” halina jibu baya. “Leo ni tarehe ngapi?” lina jibu baya, na mgonjwa huaibika mbele ya wenzake.

Mpango huo ulifanyiwa majaribio Afrika Mashariki. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa 2010 ulionyesha kwamba karibu watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na dimenshia, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliurekebisha kwa ajili ya wazee wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakusoma au wakiwa na matatizo ya kuona na kusikia. Shughuli zilizotegemea kusoma na kuandika zilibidi kubadilishwa. Matokeo kutoka kwa washiriki 34, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha fikra zikiimarika na wasiwasi ukipungua. Idadi hiyo ni ndogo, na mpango huo hautibu ugonjwa. Lakini unaonyesha kwamba kazi hii haihitaji mitambo ya bei ghali.

Tofauti moja kati ya Hai na Nakuru ni lugha. Makao ya Nakuru huweza kuwakusanya Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na Waturkana chini ya paa moja, nao huelewana kwa Kiswahili. Dimenshia inapozidi, lugha zilizojifunzwa baadaye hudhoofika kwanza na mgonjwa hurudia lugha ya mama. Anayedhaniwa kuwa anabwabwaja huenda anasema maneno timamu ya Kipsigis ambayo hakuna mhudumu anayeyajua. Ni vyema basi kila zamu iwe na orodha fupi ya maneno katika lugha za wakazi: maji, choo, baridi, maumivu, na jinsi ya kumwita mkubwa kwa heshima, awe cucu au guka, kogo au kugo, dani au kwaro.

Kumbukumbu zenye miiba

Vitabu vya kigeni husifu mazungumzo ya kukumbuka zamani kana kwamba zamani ni bustani tu. Katika Bonde la Ufa, jambo hili linahitaji hadhari kubwa. Walio na umri wa miaka 80 na zaidi walishuhudia misako na kambi za Hali ya Hatari. Kisha yakaja mapigano ya 1992, ya 1997 na ya 2007-2008, yaliyowang'oa watu Molo, Njoro, Nakuru na Naivasha. Picha ya shamba la zamani, iliyokusudiwa kumfurahisha mmoja, inaweza kumkumbusha mwingine nyumba iliyoteketea. Foleni ndefu, sare za walinzi, mlango unaogongwa usiku au moshi wa takataka zinazochomwa uani ni mambo yanayoweza kuzusha hofu ambayo mgonjwa hawezi kuieleza.

Mzee anaposisitiza kurudi katika shamba lililochomwa 1992, si busara kumweleza kila mara kwamba lilichomwa. Ataipokea kama habari mpya, alie upya, asahau, kisha aulize tena jioni. Inafaa aulizwe shamba lilikuwa na miti gani na alipanda nini, kisha aombwe msaada wa kazi iliyo karibu. Si kumdanganya, ni kuijibu huzuni yake badala ya kubishania tarehe. Jambo hilo liandikwe katika faili lake ili mhudumu wa zamu ya usiku asiligundue kwa njia ngumu. Mada za ardhi na uchaguzi ziepukwe katika kikundi chenye watu wa jamii zilizowahi kugombana.

Habari hizi hutolewa na familia, na familia nyingine hunyamaza kwa aibu. Bado wapo wanaohusisha usahaulifu na uchawi, na dhana hiyo huua: Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kaunti ya Kisii, wakidaiwa kuwa wachawi. Karatasi moja inatosha: jina alilozoea kuitwa, kazi aliyofanya, lugha, dini, chakula anachopenda, na jambo lisilopaswa kutajwa.

Molo huwa na baridi kali asubuhi, hivyo shughuli za nje zisubiri jua, yapata saa nne. Wagonjwa wengi hutaabika jua linapotua, kati ya saa kumi na saa moja jioni. Wakati huo unahitaji kazi nyepesi, taa ziwashwe mapema, na mabadiliko ya zamu yasifanywe kwa kishindo. Kikundi cha watu watano hadi wanane kinatosha, na anayetaka kutazama tu aachwe atazame.

Mhudumu aandike kilichotokea: nani alishiriki, nani alikasirika, nani alilala vizuri usiku huo. Ratiba ibadilike ugonjwa unavyoendelea. Asiyeweza tena kupukuchua mahindi hupewa gunzi alishike, au hukandwa mikono kwa mafuta huku wimbo wake ukipigwa kwa sauti ya chini.