Kabla ya Kamera, Kasha

Mwaka 1893, katika mji mdogo wa Banyuls-sur-Mer kusini mwa Ufaransa, mwanasayansi Louis Boutan alishuka baharini na kamera iliyofungiwa ndani ya kasha la shaba alilotengenezewa na ndugu yake, Auguste. Kasha lile liliunganishwa na puto la mpira. Kadiri lilivyozama, maji yalilikandamiza puto, hewa yake ikaingia kashani na kusukumana na maji ya nje. Bila hivyo maji yangepenya. Picha moja iliweza kumchukua hata nusu saa, naye amesimama mchangani chini huko kama mtu anayesubiri daladala.

Nimekuwa nikisoma mambo haya kwa sababu ya dogo mmoja wa hapa Mwananyamala, upande wa Komakoma, anayepiga video za harusi na sendofu. Anataka kupiga picha miamba ya Mbudya, hasa ile iliyovunjwa na wavuvi wa mabomu. Ameweka pesa za kikoba karibu mwaka mzima. Mbele yake kulikuwa na vitu viwili: kamera kubwa ya mtumba na kasha lake zito la alumini, au kikamera kidogo cha GoPro na kasha la plastiki. Akaniambia, "Dada, wewe mtu wa vitabu, niambie nichukue ipi." Mimi si fundi wa kamera. Nilichoweza kumpa ni historia, na nadhani haikuwa bure.

Adui wa kwanza ni uzito wa maji. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Boutan alitumia puto. Sisi tuna oringi, kale kapete ka mpira ambako fundi yeyote wa bodaboda anakajua. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikikaa juu ya oringi, kamera imekufa. Ndiyo maana kasha la mtumba linanitia wasiwasi kuliko kamera ya mtumba. Kamera utaiwasha dukani uone inafanya kazi, lakini kasha dukani haliwezi kukuambia kitu.

Adui wa pili ni kioo. Ukipiga picha kupitia kioo bapa, maji yanapinda mwanga na vitu vinaonekana vikubwa kwa karibu theluthi moja, hivyo lenzi pana inageuka kuwa nyembamba. Kioo cha kuba kinaurudisha upana huo, ila kinailazimisha lenzi ilenge karibu sana. GoPro walipotoa kamera yao ya HD mwaka 2009, kasha lake lilihimili mita 60, lakini kioo chake kilikuwa cha mviringo na lenzi yake haikuweza kubadili umbali wa kulenga. Wazamiaji wakapanda juu na video zenye ukungu. Ikabidi wanunue makasha ya kioo bapa kwa watengenezaji wengine. Kwa hiyo namba ya mita iliyoandikwa kwenye boksi inakuambia kasha halitavuja, haikuambii utaona nini.

Kuhusu rangi sitasema mengi: maji hula nyekundu kwanza, na ukishapita mita chache tu kila kitu ni buluu. Tochi si anasa.

Sasa, filamu. Mwaka 1956 Jacques-Yves Cousteau na Louis Malle walishinda tuzo kuu ya Cannes kwa filamu iliyopigwa chini ya bahari, sehemu yake katika Bahari hii yetu ya Hindi. Ukiitazama leo utashtuka. Kuna mahali wanalipua baruti kando ya mwamba ili wahesabu samaki waliomo. Walipewa tuzo. Mvuvi wetu akifanya hivyo anapelekwa mahakamani, na ni haki yake kupelekwa, lakini sijaacha kulifikiria jambo hilo.

Kisha kuna silikanti. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J.L.B. Smith alimtafuta mwingine kwa miaka 14. Aliyempatia ni Eric Hunt, nahodha mfanyabiashara ambaye Smith alikutana naye Unguja. Samaki alipatikana Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombessa. Kwa kuwa mapezi yake yana nyama kama viungo, Smith alimpa jina la mzee wa miguu minne, na watu wakaamini anatembea sakafuni mwa bahari.

Kilichomaliza ubishi ni kamera. Januari 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo iitwayo Geo huko Ngazija, akamkuta silikanti hai karibu na mita 200, mwisho kabisa wa uwezo wa chombo chake. Video ikaonyesha samaki anayeelea taratibu, anapunga mapezi kwa kupokezana, na mara nyingine anasimama kichwa chini. Hatembei. Miaka karibu 50 ya kupima maiti haikuweza kulionyesha hilo.

Oktoba 2000, Sodwana Bay, Afrika Kusini, Pieter Venter na wenzake walimwona silikanti zaidi ya mita 100 chini. Hawakuwa na kamera. Walirudi Novemba wakiwa nazo, wakapata video, na mmoja wao, Dennis Harding, akafariki baada ya kupanda juu.

Kwetu, kuanzia mwaka 2003 na 2004 silikanti walianza kunaswa, wengi Tanga, kwenye jarife za papa. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ipo tangu 2009. Lakini picha nilizokua nikiziona magazetini ni za samaki aliyelazwa chini, amekufa, watu wamemzunguka.

Dogo alichukua kile kidogo, chenye kioo bapa. Nilimwunga mkono: pesa iliyobaki imetosha tochi, oringi mbili za akiba na grisi ya silikoni. Kabla ya kuweka kamera, alilifunga kasha tupu kwenye jiwe, ndani ameweka kipande cha tishu, akalishusha kwa kamba ya mita 10. Tishu ilitoka kavu. Jumapili anavuka kwenda Mbudya na mvuvi wa Kunduchi, wataanza na mwamba ambao huyo mzee anasema alisikia ukipigwa bomu.