Kalamu ya Babu, Mafuta ya Bibi

Zamani kalamu ya babu ilikuwa nyeusi. Nilipoipata mimi ilikuwa imegeuka kahawia, kama chai ya rangi iliyolala, na karibu na mfuniko ilikuwa na mabaka ya kijani. Babu alikuwa karani wa chama cha msingi huko Newala. Kila msimu wa korosho alikaa kando ya mizani. Gunia likipimwa, yeye aliandika jina la mkulima, kilo na tarehe. Alipofariki, madaftari yalibaki ofisini na kalamu ikabaki nyumbani, ndani ya kopo la biskuti. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Kyoto, Japani, bibi aliitoa akanikabidhi.

"Chukua ukasomee, mjukuu wangu. Mimi ya nini?"

Bibi hakuwahi kufundishwa kuandika.

Huko Kyoto nilitaka kujua kwa nini kalamu ile imepauka. Kumbe imechongwa kwa ebonaiti, yaani mpira uliochanganywa na salfa nyingi, kisha ukapashwa moto hadi ukawa mgumu kama pembe. Mmarekani Nelson Goodyear alipata hataza ya mpira mgumu wa namna hiyo mwaka 1851. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la mti mweusi, jina ambalo wafanyabiashara wa mbao wameubandika hata mpingo wetu. Lewis Waterman alipopata hataza ya kalamu yake ya wino huko New York mwaka 1884, ebonaiti ndiyo iliyokuwa malighafi ya kawaida ya watengeneza kalamu. Inachongeka vizuri, na wino hauidhuru. India wanaichonga mpaka leo, na babu aliinunua yake katika duka la Mhindi mjini Lindi.

Kasoro yake ni kwamba haivumilii jua na unyevu. Mwanga na maji huifanya salfa iliyo juu ya uso wake ibadilike, na weusi unapotea. Ukiisugua, inatoa harufu ya kiberiti.

Mpira wa kalamu za mwanzo una historia nzito kuliko harufu hiyo. Sehemu kubwa ulitoka misitu ya Amazon. Kuanzia miaka ya 1890, mwingi mwingine ulitoka Kongo, nchi iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walichapwa viboko, wanawake walishikwa mateka, na askari walikata watu mikono. Picha za watu waliokatwa mikono zilizunguka duniani na kuzidisha kelele, hadi mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji. Hata misitu ya bara la Kilwa na Lindi ilivunwa mpira-mwitu ukauzwa nje. Kalamu ya babu ni ya miaka ya baadaye, wakati mpira ulikwishakuwa zao la mashamba makubwa. Lakini sikuweza tena kuishika bila kufikiria mikono.

Wajapani walikutana na tatizo la kupauka mapema. Ryosuke Namiki, mhandisi aliyeanzisha kiwanda cha kalamu mwaka 1918 pamoja na rafiki yake Masao Wada, aliona ebonaiti zake zikigeuka rangi. Kiwanda hicho ndicho kilichokuja kuitwa Pilot. Katika miaka ya 1920 wakapata dawa iliyokuwa jikoni kwao siku zote. Bakuli za supu za Kijapani zilipakwa laka, nayo haisumbuliwi na maji wala moto wa supu. Kwa nini isipakwe kwenye kalamu? Baada ya hapo walileta mafundi wa kuchora kwa unga wa dhahabu juu ya laka mbichi. Mmoja wao alikuwa Gonroku Matsuda wa Kanazawa, ambaye mwaka 1955 serikali ilimtambua kuwa Hazina Hai ya Taifa. Mwaka 1930 Namiki waliingia mkataba na kampuni ya Dunhill ya London, na kalamu zilizoanza kupakwa ili zisipauke zikawa vito vya matajiri wa Ulaya.

Laka hiyo inaitwa urushi. Ni utomvu wa mti unaoachwa ukue miaka 10 hadi 15, kisha ukachanjwa msimu mmoja. Mti mmoja hutoa kama mililita 200 tu, hazijai hata glasi ya chai, halafu hukatwa. Katika kisiwa cha Hokkaido wanaakiolojia walipata mabaki ya vitu vya laka nyekundu vyenye umri wa takriban miaka 9,000. Rangi za jadi ni chache. Nyekundu hutokana na madini, na nyeusi hutokana na chuma kinachochanganywa na utomvu. Nyeupe safi haiwezekani, kwa sababu utomvu wenyewe una rangi ya asali iliyokolea.

Tena urushi haikauki kama nguo kwenye kamba. Inahitaji hewa yenye unyevu mwingi, asilimia 70 au zaidi, na joto la wastani. Mwaka 1883 Hikorokuro Yoshida alieleza kwamba ndani ya utomvu kuna kimeng'enya kinachoshika oksijeni ya hewani na kuugandisha. Kabla haujaganda, utomvu huo ni sumu ya ngozi. Ukikugusa unaweza kuvimba, kuwashwa na kutoka malengelenge kwa wiki kadhaa. Ukishaganda unakula supu ndani yake.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Ukimenya embe bichi kwa meno, utomvu wake unakuunguza midomo. Nikatafuta na nikakuta kweli: mti wa urushi na mwembe ni wa familia moja ya mimea. Na katika familia hiyo yumo pia mkorosho, mti ambao Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16 na ukafika pwani yetu.

Sikuwa na fedha za urushi, na sikutaka kuvimba uso wakati wa mitihani. Mwenzangu wa maabara, anayependa uvuvi, aliniambia niende duka la vifaa vya kuvulia samaki, kwa kuwa wavuvi hupaka fimbo zao laka ya bei nafuu inayong'aa kama urushi. Nikaenda. Rafu nzima ilikuwa na vikopo vidogo, vyekundu, vyeusi, vya kijani, hata vyeupe. Nilikuwa bado nasoma maandishi yao kwa kuunganisha silabi. Ka. Shu. Nikarudia kwa sauti: kashu.

Ilikuwa korosho. Laka hiyo ilibuniwa Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, na kiungo chake kikuu ni mafuta ya ganda la korosho. Kemia yake ni ndugu ya urushi, ila hii haidai hewa ya unyevu ili igande. Nilinunua kopo moja jekundu, nikarudi nalo chumbani nikiwa kimya.

Maana mafuta ya ganda la korosho nayajua. Bibi alibangua korosho maisha yake yote. Alizichoma kwenye kipande cha bati lililotobolewa, mafuta yakatoka yakashika moto, moshi mweusi ukapanda, nasi watoto tukafukuzwa tukae mbali. Zikishapoa alipaka mikono majivu, akazipasua moja moja juu ya jiwe. Majivu hayakutosha. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngozi ikibanduka na kuota tena. Sehemu kubwa ya korosho zetu imekuwa ikiuzwa ghafi tangu enzi za ukoloni, ikapakiwa melini kwenda India, na huko Kollam wanawake wengine wakazibangua. Nao vidole vyao vinaungua. Kwa hiyo kalamu ya babu ilitoka India kuja kwetu, na korosho alizoziandika kwa kalamu hiyo zilitoka kwetu kwenda India. Katika daftari la babu kulikuwa na majina ya wenye mashamba na kilo zao. Mbanguaji hakuwa na safu yake.

Nilianza kazi mwezi Juni, mezani kwangu, dirisha likiwa wazi na glavu mikononi. Kwanza nilisugua kalamu kwa msasa laini uliolowa maji hadi ukahawia ukatoka, na harufu ya kiberiti ikajaa chumbani. Niliiosha kwa sabuni, nikaikausha, nikajizuia kuigusa kwa vidole, kwa sababu laka haishiki penye mafuta ya mwili. Sehemu ya meno, pale mfuniko unapojifunga, niliizungushia utepe wa gundi. Laka ina unene. Ukipaka meno, kalamu haifungi tena. Nikachomeka mwili wa kalamu kwenye kijiti cha kulia chakula ili niweze kuuzungusha.

Mkono wa kwanza niliupaka mzito kwa haraka ya kuona wekundu. Ukaganda juu, chini ukabaki mbichi, asubuhi nikakuta uso umejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nikasugua yote nikaanza upya. Baada ya hapo nilipaka nyembamba, karibu ya kuonekana kupitia, nikazungusha kijiti hadi laka ilipoacha kuteleza, nikaifunika kwa boksi dhidi ya vumbi, nikasubiri siku mbili. Msasa kidogo, kisha mkono mwingine. Nilipaka mikono sita.

Baada ya mkono wa sita sikuwa na subira. Niliishika kabla ya wakati, bila glavu, na alama ya kidole gumba changu ikabaki pale, na mistari yake yote.

Niliitazama kwa muda mrefu. Mwaka mmoja kabla ya safari nilimpeleka bibi kwenye ofisi moja akaandikishwe kitambulisho. Mashine ilikataa vidole vyake. Kijana wa mezani alimfuta kwa kitambaa, akambonyeza tena, akambadilishia kidole. Hakuna mstari uliosomeka. "Bibi, huna alama," alisema, bila ubaya. Bibi akaficha mikono ndani ya khanga. Tuliambiwa turudi siku nyingine.

Nilifikiria kuiacha ile alama yangu kama kumbukumbu. Mwishowe niliisugua. Ilikuwa alama yangu, siyo yake. Nikapaka mkono wa saba na mara hii nilisubiri wiki nzima.

Nilirudi Newala wakati mikorosho imeanza kutoa maua. Nilimpa bibi kalamu akiwa barazani. Aliigeuza juani, akaisifia wekundu, kisha akaipeleka puani. Akaninusia tena na kuninyooshea.

"Hii umeipaka nini? Mbona inanuka ganda la korosho?"

Nikamweleza habari za Wajapani, mti wao, na kopo la duka la wavuvi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na hilo kopo wanauza?"

"Wanauza, bibi."

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia, kwa hesabu ya fedha zetu. Akacheka kidogo, akatazama kule nyuma ya jiko, penye kichuguu cheusi cha maganda yaliyoungua miaka yote ile.

"Na sisi tulikuwa tunayachoma," akasema, akanirudishia kalamu.